Kaburi la Mzee Lusubilo

Kaburi la Mzee Lusubilo lilikuwa na kasoro moja tu: Mzee Lusubilo hakuwamo. Vingine vyote vilikuwapo. Tuta la saruji lilikuwapo, limepakwa matope na kinyesi cha ng'ombe ili lionekane la kale. Msalaba wa nondo ulikuwapo, umemwagiwa maji ya chumvi mpaka ukashika kutu. Mzee mwenyewe alikuwa amelala zake kijijini Ruanda, chini ya mibuni aliyoipanda kwa mikono yake, na wajukuu zake walilijua hilo vizuri sana, kwa kuwa baba yao ndiye aliyewaonyesha mahali.

Basi mwenyekiti wa mtaa alipoingia uani jioni ile, akavua kofia na kusema ameleta habari njema, Elina alikuwa akisukuma chapati na mikono yake ikagoma kuendelea.

"Zahanati imepata mahali," alisema mwenyekiti. "Ramani imeshabandikwa. Itajengwa palepale alipolala mzee wenu. Msiwe na hofu, halmashauri itamhamisha kwa heshima zote. Alhamisi bwana afya anakuja na wachimbaji. Ninyi leteni mchungaji na ndugu wa karibu. Sanduku serikali inatoa."

Ezron, mume wa Elina, alikuwa ameketi juu ya turubai la lori akilishona. Hiyo ndiyo kazi yake pale Tunduma, kushona maturubai ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na sindano yake ni ndefu kama mwiko. Aliiacha imechoma turubai nusu, akainua uso.

"Tunashukuru, mwenyekiti," alisema.

Angesema nini kingine? Mwenyekiti alikula chapati mbili, akanywa chai, akamsifu marehemu ambaye hakuwahi kumwona, kisha akaenda zake. Marta, mama yake Ezron, alikuwa ndani, mlango wazi, na alisikia yote. Hakutoka.

Elina akatazama ukuta wa nyumba yao. Alama ya X ilikuwa pale, nyekundu, kubwa kuliko mlango, wameipiga watu wa barabara tangu kiangazi kilipoanza. Barabara ya mpakani inapanuliwa, nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara, hakuna fidia, na mvua zisiwakute humo. Shamba la Ruanda liliuzwa walipokuwa wakimuuguza baba yake Ezron. Kwa kifupi, hawakuwa na pa kwenda, yeye na mumewe na watoto na yule mama mzee. Tumaini lilikuwa moja tu, nalo liko Kambini.

Kambini ni ile ardhi ya jeshi upande wa juu wa mji. Wanajeshi waliondoka, ardhi ikarudishwa kwa halmashauri, na halmashauri ikasema itapanga viwanja vya makazi, shule, soko na zahanati. Tena ikasema jambo ambalo liliwafanya watu wengi wakose usingizi: familia zilizohamishwa kambi ilipokuja, zile za zamani kabisa, zitapewa kiwanja kwanza, kabla ya wenye fedha zao. Ila zioneshe ushahidi. Msingi wa nyumba, au shahidi aliye hai, au kaburi.

Familia ya Ezron ilihamishwa kweli. Hapo sitii chumvi. Marta aliolewa pale, akaishi pale, akatolewa pale na lori la jeshi akiwa na godoro kichwani. Lakini misingi ya nyumba ilisawazishwa na greda, na mashahidi wameshakufa wote. Watu wana haki yao na hawana pa kuishikia. Ndipo Watson, mdogo wake Ezron, dalali wa mpakani ambaye mdomo wake haujawahi kukosa neno, alipokuja na wazo la kaburi. Walilijenga Jumapili moja, ibada ikiwa inaendelea na watu wote wako kanisani. Ezron ni mzee wa kanisa. Siku ile alituma taarifa kwamba tumbo linamsumbua, na baadaye likamsumbua kweli.

"Alhamisi," alisema Elina.

"Nimesikia," alisema Ezron.

"Watachimba, hawatakuta kitu."

"Mama Mercy, nimesikia."

Mwezi huo huo familia moja ya upande wa chini ilikamatwa na msingi wa tegesha, yaani matofali waliyoyafukia usiku ili yaonekane ya kale. Halmashauri haikuwapeleka polisi. Ilifanya jambo baya zaidi. Iliwafuta, kisha majina yao yakasomwa kwa kipaza sauti kwenye mkutano wa hadhara, la baba na la mama, na watu wakapiga miluzi. Mama yule tangu hapo hauzi tena nyanya sokoni.

*

Asubuhi Elina aliacha biashara ya chapati akapanda Kambini. Ramani ilikuwa imebandikwa ndani ya bwalo la zamani la wanajeshi, na watu walikuwa wamejaa mbele yake wakitafuta maisha yao kwa vidole. Kila mmoja alitaka soko liwe karibu naye na dampo liwe karibu na mwenzake. Elina alisimama nyuma mpaka akasukumwa mbele.

Afisa mipango miji alikuwa binti mdogo aitwaye Goodness, mpole, buti zake zimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye magoti. Alikuwa akijibu maswali tangu asubuhi na sauti ilikuwa imemkauka.

"Samahani, dada," alisema Elina. "Hii zahanati haiwezi kusogea kidogo?"

"Kusogea wapi, mama?"

"Kokote tu. Hata huku penye uwanja."

"Uwanja usiguse," alisema kijana mmoja nyuma yake. "Mama, tafadhali, uwanja ni wa vijana."

Watu wakacheka. Goodness hakucheka. Alimtazama Elina vizuri, akaweka kalamu chini.

"Wewe ni wa familia ya lile kaburi?"

Elina akaitika kwa kichwa.

"Pole sana, mama. Pale ndipo bomba la maji la jeshi linapopita, na gari la wagonjwa linafika mpaka mlangoni. Ningekuwa na mahali pengine ningepaacha. Mimi kwetu ni Isansa, bibi yetu tumemzika hatua chache kutoka dirishani, najua inavyouma kuguswa kaburi. Nakuahidi nitasimamia mwenyewe. Hakuna atakayemtupa mzee wenu."

Elina alitamani huyu binti awe mkali. Mtu mkali unaweza kumdanganya na roho ikatulia. Lakini huyu alikuwa amemshika mkono mbele ya watu wote, anampa pole ya msiba usiokuwepo, na Elina akajikuta anasema "asante, mwanangu" kwa sauti ya mfiwa. Alijichukia hapohapo.

Alipogeuka alikutana na Fides, muuza maharage, ambaye naye anadai familia yao ilitoka hapo.

"Mama Mercy, hongera," alisema Fides. "Kaburi lenu mmelitunza. La kwetu mvua zimelila, hata sisi wenyewe hatulioni. Lenu lina saruji. Kumbe zamani hizo saruji ilikuwa inafika huku?"

"Babu alikuwa na uwezo," alisema Elina.

"Ndiyo, mama. Lazima alikuwa na uwezo."

Fides alisema hivyo bila kucheka, na wanawake wawili waliokuwa pembeni wakaangalia chini. Elina alishuka kilima akihisi macho yao mgongoni njia nzima. Alipofika kwenye foleni ya malori, dereva mmoja Mzambia aliyezoea kununua chapati kwake akamsalimu kwa lugha ya kwao, "Mulishani, ba mayo, leo hakuna chapati?" na Elina akapita kama hakusikia.

*

Watson alifika mchana akiwa na suluhisho. Watson hakosi suluhisho, na matatizo mengi ya ukoo ule yalianza kama suluhisho la Watson.

"Mfupa," alisema. "Ninamjua mchinjaji. Tunapata mfupa mmoja mrefu, wa zamani zamani, tunaufukia Jumatano. Basi. Bwana afya atauona, ataandika, habari imekwisha."

"Mfupa wa ng'ombe," alisema Ezron.

"Kaka, bwana afya si daktari wa mifupa."

"Mchungaji atauombea mfupa wa ng'ombe. Mimi nimesimama pembeni nimeshika Biblia. Watson, unamwogopa Mungu kweli wewe?"

"Namwogopa. Lakini mvua pia naiogopa. Wewe unataka mama alale wapi mvua ikianza? Chini ya turubai la lori?"

Elina, ambaye kwa haki angepaswa kuchukia wazo lile, alikuwa akijiuliza moyoni kama mfupa wa mbuzi usingefaa zaidi. Hivyo ndivyo maji yalivyokuwa yamezidi unga katika nyumba ile. Mtu mwema, mlezi wa kwaya, anapima mfupa wa mbuzi na wa ng'ombe akilini.

Ndipo Marta akatoka ndani. Alikuwa mama mfupi, mgongo umeinama kidogo, kitenge kimefungwa kwa nguvu kiunoni. Hakuketi.

"Siku mliyonipeleka kule niwaonyeshe nyumba ilipokuwa, niliwaambia nini?"

Wanaume wakatazamana. Walikuwa wamempandisha kule kwa bajaji, naye akalitambua jiwe kubwa la kusagia, lile lenye shimo la mviringo lililochimbwa na mikono ya wanawake wa zamani. Kutoka kwenye jiwe akawaonyesha: mlango hapa, zizi kule, jiko pale.

"Ulisema nyuma ya jiko tusiguse," alisema Ezron.

"Mkajenga wapi?"

"Mama, mbele yote ni mwamba," alisema Watson. "Udongo uko nyuma ya jiko tu. Kaburi haliwezi kukaa juu ya mwamba, hata mtoto angejua ni uongo."

"Niliwaambia msiguse," alisema Marta. "Sasa mnataka mkafukie na mifupa ya ng'ombe hapohapo. Ezron, nakwambia wewe mkubwa. Mkipeleka mfupa wowote pale, mimi si mama yenu."

Akarudi ndani. Watson akanong'ona kwamba mama anazeeka, anaogopa mizimu. Ezron akasema hapana, mama anaogopa dhambi, na ana haki. Elina aliona kitu kwenye uso wa mkwewe ambacho hakikuwa hofu ya mizimu wala ya dhambi, ila hakujua ni nini, na alikuwa na hofu zake za kutosha.

Mambo ya mfupa yakafa hapo. Marta naye akaacha kula. Akiletewa ugali anaumega, anauweka pembeni, anasema ameshiba. Jumatano Elina alimchemshia maji akamwosha miguu, kama alivyozoea baridi inapokaza, mpaka maji yakapoa.

"Wanachimba kwa nini?" aliuliza ghafla.

"Kwa ajili ya zahanati, mama."

"Nauliza chombo. Majembe au sululu?"

"Sijui. Vyote, nadhani."

"Waambie wasitumie sululu."

"Mama, mimi nitawaambiaje wale watu?"

"Waambie tu, mwanangu. Udongo wa pale ni laini."

Elina akasema sawa. Alidhani mama anaanza kuchanganyikiwa kwa sababu ya njaa, na akaongeza hilo kwenye fungu la mambo ya kuogopa.

Jioni Watson akarudi akiwa mwepesi kama mtu aliyetolewa jino. Alikuwa ameongea na mchimba makaburi wa mjini, wakanywa soda, akamdodosa taratibu. Kumbe mwili wa zamani sana, katika udongo mwekundu kama wa huku, haubaki. Wachimbaji wanafika chini, hawakuti kitu, bwana afya anachota udongo, unatiwa kwenye sanduku, huo udongo ndio marehemu. Hufanyika hivyo siku zote.

"Kwa hiyo hatufanyi lolote," alisema Watson. "Tunasimama. Tunalia kidogo. Shemeji, wewe unajua kulia. Tunachukua udongo wetu, tunatia saini, tunapata kiwanja."

Ezron alivuta pumzi ndefu ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu Jumapili ile ya kaburi. Usiku huo walilala. Elina aliota hata nyumba, ina dirisha upande wa mawio.

*

Alhamisi upepo ulikuwa mkali, unarusha vumbi mpaka kwenye meno. Watu walikuja wengi kuliko ilivyotakiwa. Fides alikuwapo na wanawake wake. Mwenyekiti alikuwapo na kofia yake. Wachimbaji wanne walikuwa wamezungushia turubai la bluu kama ukuta, ndivyo inavyotakiwa, marehemu asionwe na kila mtu, na wanafamilia tu ndio walioruhusiwa kuingia, pamoja na mchungaji, bwana afya na Goodness. Bwana afya aliitwa Zebedayo, mtu mzima, amevaa glavu na kipande cha kitambaa puani. Sanduku lilikuwa pale, dogo, la mbao nyeupe, linanukia maranda.

Mchungaji aliomba. Alimshukuru Mungu kwa maisha ya Mzee Lusubilo, kwa uzao wake, na kwa mjukuu wake Ezron aliye nguzo ya kanisa. Ezron aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa tai. Elina alianza kulia, na hakuhitaji kujilazimisha. Machozi yalitoka kwa woga, yakafaa vilevile.

Wakang'oa msalaba. Wakavunja saruji, ikavunjika upesi, na mchimbaji mmoja akashika kipande mkononi akakigeuza geuza. Alitaka kusema kitu, akamwangalia bwana afya, akakitupa. Kisha wakaanza kuchimba.

Udongo ulikuwa laini kweli. Walishuka mpaka magotini. Hakuna kitu. Bwana afya akachungulia.

"Miaka mingi hii," alisema. "Na udongo wenyewe huu. Msishangae mkikosa kitu, ndugu zangu. Tutashuka kidogo tena, kisha tutachukua udongo."

Watson alijikuna shingo kuficha uso. Imebaki kidogo, Elina alijiambia. Mungu nisamehe, imebaki kidogo tu. Mchimbaji mmoja akasema chini panaanza kukaza, akachukua sululu.

"Acha," alisema Marta.

Hakupaza sauti. Mchimbaji alisimama kwa mshangao tu, sululu ikiwa begani.

"Bibi?" alisema Zebedayo.

"Toeni hiyo sululu. Tumieni mikono."

"Bibi, usiwe na wasiwasi. Mzee akiwapo tutamwona."

"Hakuna mzee humo," alisema Marta. "Mkwe wangu amezikwa Ruanda, na hawa wote wanajua. Humo kuna mwanangu."

Watson akasema, "Mama," kwa sauti ya kumziba mdomo. Marta hakugeuka. Alikuwa amefika ukingoni mwa shimo, na aliongea akilitazama shimo lenyewe, kana kwamba wengine wameondoka.

"Wa kwanza. Kabla ya Ezron. Aliishi siku chache akafa. Zamani mtoto mchanga alizikwa na wanawake, nyuma ya jiko, bila tuta. Wanaume hawakuambiwa wapi. Nami nilikatazwa kulia, waliniambia nikilia nitafunga kizazi. Kaeni mchimbe polepole. Mtakuta bakuli la bati, jeupe, mdomo wake wa bluu. Nilimfunika nalo usoni ili udongo usimwingie machoni."

Upepo ulipiga turubai likatoa sauti. Nje yake watu walikuwa wamenyamaza, na Elina akajua wamesikia kila neno, Fides na wenzake, mwenyekiti, wote.

Zebedayo aliwatoa wachimbaji. Akaingia mwenyewe, akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya kazi, akaanza kufukua kwa vidole upande wa kichwani, pale ulipokuwa umesimikwa msalaba. Ilichukua muda. Kisha akaacha kufukua, akapuliza vumbi. Lilikuwa bakuli. Rangi imebanduka karibu yote, lakini ukingoni bluu ilibaki, kipande kirefu kama ukucha. Nondo ya ule msalaba ilikuwa imepita ubavuni mwake na kulibonyeza.

Ezron aliona alama ya nondo. Yeye ndiye aliyeipigilia kwa nyundo. Alitoka nje ya turubai mbele ya watu wote na wakamsikia akilia, mzee wa kanisa, mtu mzima.

Chini ya bakuli hapakuwa na mengi. Zebedayo alichota kilichokuwapo kwa viganja viwili, akakiweka kwenye sanduku kwa uangalifu wa mtu anayemimina mafuta, na bakuli akaliweka juu. Hakuna aliyemwambia aliweke hivyo.

Goodness alikuwa amesimama na makaratasi yake. Aliyafunua, akayafunga, akayafunua.

"Kaburi la mzee ni la uongo," alisema. "Hilo lazima nilifute, na ningetakiwa niwafute na ninyi." Sauti yake ilikuwa imekasirika, na Elina akakumbuka ule mkono uliomshika bwaloni. "Lakini hili ni kaburi. Ni la kabla ya kambi, na mama yake yuko hapa hai. Naweza kuliandika hili badala ya lile. Haki yenu ya kiwanja itabaki."

Watson alifumba macho akasema kitu cha kumshukuru Mungu. Ilikuwa imewezekana. Baada ya yote yale, nyumba ya dirisha la mawio ilikuwa imewezekana.

"Usiandike," alisema Marta.

"Bibi, ni kwa faida yenu."

"Huyu nimekaa naye peke yangu tangu nikiwa binti. Hakuna aliyemtaka. Leo mnamtaka kwa sababu ya kiwanja. Mwanangu hanunui kiwanja, binti yangu. Usiandike."

"Mama, fikiria watoto," alisema Watson. "Kufa kufaana, ndivyo wazee walivyosema. Fikiria wajukuu zako watalala wapi."

Goodness akasema, kwa shida, kwamba kisheria anayetia saini ni mkuu wa kaya, si bibi. Akamwita Ezron. Ezron akarudi ndani ya turubai, macho mekundu, akapewa kalamu, akaelezwa. Akamtazama mama yake. Akatazama lile sanduku. Kisha akafanya alichofanya siku zote jambo linapokuwa zito: akamgeukia mkewe.

"Mama Mercy," alisema. "Nifanyeje?"

Na hapo ndipo ilipoangukia, kwa Elina, ambaye hakuwa amezaliwa pale wala kuzika mtu pale. Aliifikiria X. Aliyafikiria mawingu ya mvua ya kwanza yanavyokuja kutoka upande wa Zambia, na mwanawe Mercy ana kifua kibovu. Ndani yake sauti ilikuwa inasema andika, andika, mama atasamehe, wazee husamehe. Alimchukia Marta kidogo wakati ule, siwezi kulificha. Angenyamaza dakika chache tu, wangekuwa na udongo wao na kiwanja chao.

"Usiandike, dada," alisema Elina. Sauti ilimtoka imepinda, na alitaka kuyarudisha maneno kabla hayajafika. "Mwenye mtoto ameshasema."

Goodness alimsubiri, kama anayempa nafasi ya kubadili. Elina hakubadili. Binti akapiga mstari mrefu kwenye karatasi, akasema kwa sauti ya chini kwamba viwanja vingine vitauzwa kwa mnada, nao wanaruhusiwa kushiriki kama wananchi wengine. Wote mle ndani walijua nani atashinda kwenye mnada wa Tunduma. Watson alitoka bila kuaga. Bwana afya akavua glavu, na mwenyekiti akasikika nje akiita familia ya kaburi linalofuata.

Elina hakujua afanye nini na mikono yake. Akafungua kitenge cha juu, kile kipya alichovaa kwa ajili ya msiba wa uongo, akafunika sanduku nacho. Marta alikuwa ameketi chini kwenye udongo uliochimbwa, miguu ameinyoosha kama mzazi aliyetoka kujifungua. Elina akakaa kando yake. Alikuwa na hasira, alikuwa na hofu, na hakuwa na neno la faraja hata moja, kwa hiyo akauliza alichotaka kujua.

"Mama, alikuwa wa kike au wa kiume?"

Marta akageuka akamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu wachimbaji waanze, akaanza kulia.

"Wa kike," alisema. "Alikuwa na nywele nyingi. Nywele nyingi mno, mwanangu, mpaka mkunga akacheka."